Ba'mdogo ana V8, mimi nimeshalipia Benzi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Pasua hapa Moshi na nafanya kazi duka la dawa. Nafunga ndoa siku tatu baada ya Krismasi, Majilio yakishaisha, kwenye parokia ya kwao mchumba wangu, Kibosho. Misa ni saa 5 asubuhi, ukumbi ni mjini kuanzia saa 12 jioni. Zimebaki wiki saba. Michango inaingia vizuri tu, MC amepatikana, kicheni pati ina tarehe. Kinachoninyima usingizi ni gari.

Mchumba wangu ana baba mdogo anayeishi Dar. Kila Desemba anapanda na Land Cruiser V8 yake, na harusi zote za ukoo zinatumia hiyo hiyo, bure. Kikao cha kwanza cha kamati mwenyekiti alisema, "Usafiri wa maharusi tayari, tumshukuru Mungu," watu wakapiga makofi, tukaingia kwenye vinywaji. Hakuna aliyeniuliza.

Shangazi, miaka miwili iliyopita nilikuwa mmoja wa mamedi kwenye harusi ya kaka yake mchumba wangu. Tulikaa saluni na bibi harusi, tayari kashavaa, toka saa 3 mpaka saa 4 na dakika 40. Ile V8 ilikuwa imetumwa kwanza sokoni Mbuyuni kufuata barafu, halafu ikaambiwa ipitie mkungu wa ndizi za mtori. Ilipofika tukaingia haraka haraka. Bibi harusi alikaa, na alipoinuka pale kanisani pembeni ya gauni palikuwa na alama kama ya maji. Tukasema itakauka. Ilikauka kweli, ikawa rangi ya kahawia. Utomvu. Ukiangalia albamu yao mpaka leo utaona ameshika maua kiunoni, upande mmoja, kila picha. Wageni wanadhani ni mtindo.

Siku ile nilijiapiza. Nimecheza upatu mwaka mzima, nikapata laki saba. Katikati ya Oktoba nikaunganishwa na dalali mmoja wa Arusha, akanitumia picha za Mercedes nyeupe, nzuri mno, akasema laki saba kwa siku. Nilimwambia harusi ni Moshi, meseji ipo. Nikamtumia 250,000 kwa simu kama kishika uchumba. Sikumwambia mtu, hata mama.

Wiki iliyopita dalali kanipigia. Anasema ile bei ilikuwa ya Arusha mjini, kwa Moshi mafuta ni juu yangu. Anasema "siku" maana yake saa nane. Na anasema likitokea la kutokea ataleta "lingine kama hilo". Nikaandika meseji ya kulalamika, mchumba wangu akaiona. Alikaa kimya siku mbili, halafu akasema, "Umemdharau ba'mdogo. La bure unalikataa, unamlipa mtu usiyemjua."

Je, mimi ni mwenye majivuno? Hela yangu imeshapotea? Na ba'mdogo nimwambie nini, maana anakuja tarehe 20?

Aliyeona doa, Pasua

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye albamu. Utomvu wa mgomba nimeufua ujana wangu wote. Hauna sabuni wala jiki. Ndiyo maana mama zetu walikuwa na nguo za shambani na nguo za kanisani na hazikukutana hata kwenye kamba ya kuanikia. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalimaliza upesi: huna majivuno. Mtu aliyekaa saluni saa nzima na dakika arobaini akimpepea bibi harusi ana haki ya kutaka gari ambalo siku hiyo halina kazi nyingine.

Na hapo ndipo mchumba wako hajakuelewa. Anadhani mnagombania V8 na Benzi, gari gani ni zuri kuliko jingine. Mimi naona hivi: gari la bure lina mwenyewe, na gari la kukodi lina saa. La ba'mdogo halikuchelewa kwa sababu ni baya. Lilichelewa kwa sababu ni la ukoo, na la ukoo kila mtu analituma. Shangazi anataka barafu, mpishi anataka ndizi, bibi amesahau dawa nyumbani. Wewe bibi harusi utamkatalia nani? Hujaolewa hata bado! La kukodi halitumwi Mbuyuni na mtu yeyote, lakini dereva wake anaangalia saa, na saa ikifika anaondoka hata kama umeshika kisu cha keki. Wenzio wengi hukimbia bwana mmoja wakaangukia kwa mwingine bila kujua.

Sasa tuipige hesabu hiyo ya saa nane, maana dalali wako ameitaja kama kitu kidogo. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Siku za kawaida ni safari ya saa moja na nusu. Tarehe 28 Desemba nusu ya Dar iko Kilimanjaro, magari yenye namba za Kenya hayahesabiki, kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki amekaa chini ya mti anasubiri. Weka saa mbili. Benzi likitoka Arusha saa 1 asubuhi, linafika saluni kwako saa 3. Vizuri. Lakini kama saa zinahesabiwa toka lilipowashwa Arusha, saa nane zinaisha saa 9 alasiri, na dereva atataka wakati huo awe amesharudisha funguo. Maana yake anaondoka huku kwetu saa 7 mchana. Saa 7 mchana wewe uko wapi? Uko mlangoni kwa kanisa Kibosho, kwaya ndiyo kwanza inaimba wimbo wa kutoka, shangazi zako wanapiga vigelegele, na gari linageuza. Picha za kule mtaa wa Shanty Town hapa Moshi hujapiga, mji hujauzunguka na matarumbeta, ukumbini utaingia na bajaji.

Usicheke, yaliwahi kutukuta. Mdogo wangu wa kwa mama mkubwa aliolewa Arusha, wakakodi gari la kifahari kweli kweli, na hakuna aliyejua kwamba dereva alikuwa na harusi nyingine Usa River jioni hiyo hiyo. Tangu tunatoka kanisani jamaa anapiga honi ndogo ndogo, kama ya kumharakisha abiria wa daladala. Wazazi wa bwana harusi hawamo kwenye picha ya pamoja hadi leo. Walikuwa bado wanashuka ngazi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa gari, kabla hata ya bei, ni hili: saa zinaanza kuhesabiwa wapi na zinaishia wapi? Jibu unalolitaka ni kwamba zinaanza likifika mlangoni kwa saluni na zinaishia likikushusha ukumbini. Kwako wewe hiyo ni toka saa 3 asubuhi mpaka saa 12 na nusu jioni, saa tisa na nusu. Bora ulipie kumi, na ujue kabisa ya kumi na moja ni shilingi ngapi. Ningekuwa mimi ningeomba gari lije Moshi jana yake, dereva nimlipie chumba cha kulala. Chumba ni bei ndogo kuliko presha ya kusimama dirishani asubuhi unahesabu magari.

Mafuta nako kuna jambo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo mpya ya mafuta, na mwenye gari aliyekupa bei Oktoba hajui Desemba lita itakuwa shilingi ngapi. Wasiwasi wake una msingi. Ila kukuambia "mafuta juu yako" bila kusema lita ngapi ni kukukabidhi mdomo wa tanki. Kubali moja kati ya mawili: bei moja iliyobeba kila kitu, au lita zilizotajwa kwa idadi, ukipewa gari likiwa na kiasi kinachojulikana. Mimi napenda bei moja. Siku ya harusi mtu asikuletee risiti ya sheli ukiwa na shela kichwani.

Tuje kwenye hilo "lingine kama hilo", ambalo ndilo limenikasirisha. Benzi nyeupe "kama hilo" inaweza kuwa yenye umri wa mtoto wa darasa la tatu au yenye umri wa baba yake. Picha haina harufu, picha haionyeshi kiyoyozi kilichokufa. Na madalali wengi hawana gari hata moja; wana simu yenye picha za magari ya watu. Huyo bwana huenda hajawahi hata kukalia kiti cha hilo Benzi.

Basi kabla ya kumwongezea hata shilingi, chukua siku moja ya mapumziko, panda Costa uende Arusha ukalione. Usiende peke yako, nenda na mchumba wako, nitakueleza kwa nini. Mwambie dalali unataka kuonana na mwenye gari, si yeye. Lizunguke, lisome namba. Kibao cheupe ni gari lililosajiliwa kwa biashara, cha njano ni la mtu binafsi. Magari mengi ya harusi utakayoyaona huku kwetu yana njano, na watu wanapanda wala hawaulizi. Mimi nauliza kwa sababu ya bima: bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi haikukatwa kwa ajili ya gari linalokodishwa, na likitokea la kutokea barabara ya Arusha, kampuni ya bima inapata mlango wa kukataa dai, na wewe ndiye uliyekuwa ndani. Ukiwa na namba ya gari tu unaweza kuangalia kwenye simu yako, mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kama bima iko hai. Namba hiyo hiyo iangalie kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Gari lenye deni la faini trafiki analiweka pembeni, na hajali limefungwa maua au halijafungwa.

Halafu kaa ndani. Nasema kwa uzito wote, beba lile petikoti lako lenye waya, vaa, ukae kiti cha nyuma. Benzi liko chini na mlango wake si mpana kama wa V8. Unaanza na makalio, miguu inafuata, mtu mmoja anakupandishia gauni kwa mbele. Kama petikoti linakufika puani ukiwa Arusha Novemba, una muda wa kumrudia fundi. Waambie wawashe kiyoyozi, mkae dakika kumi mlango umefungwa. Waulize pia maua wanaruhusu yabandikwe na nini. Wengi hawataki gundi ya aina yoyote kwenye rangi, wana haki, na mpambaji wako asipojua mapema mtaanza kugombana na dereva mbele ya saluni.

Hela yako haijapotea bado, ila unaweza kuipoteza kwa meseji moja mbaya. Ukiandika "nimeghairi, nirudishie", wewe ndiwe uliyevunja, na atakujibu kishika uchumba hakirudi. Ukweli ni kwamba aliyebadilisha masharti ni yeye. Kisheria mapatano hata ya mdomo ni mkataba, ndivyo Sheria ya Mikataba, Sura 345, inavyoruhusu, na wewe una zaidi ya mdomo: una meseji ya Moshi, una muamala wa simu wenye tarehe na jina la aliyepokea. Usizifute. Mwandikie hivi, kwa adabu na bila hasira:

"Ndugu, habari. Katikati ya Oktoba nilikutumia 250,000 kati ya 700,000 kwa ajili ya Mercedes nyeupe uliyonitumia picha, kwa harusi ya Moshi tarehe 28 Desemba. Nilikueleza ni Moshi na hukutaja mafuta wala saa nane. Naomba uthibitishe gari ni hilo hilo, namba yake, jina la mwenye gari, na kwamba bei haijabadilika. Kama haiwezekani, naomba unirudishie hela kufikia Ijumaa ili nitafute kwingine."

Akithibitisha, mnaandika karatasi mbele ya mwenye gari: namba, tarehe, saa za kuanza na kuisha, mafuta, jina na simu ya dereva, na kwamba gari hilo likishindikana unarudishiwa hela yote, si kuletewa jingine. Salio unalimaliza siku gari linapofika, si kabla. Kama lazima uongeze saa au chumba cha dereva, ongeza, hiyo si kuibiwa. Asipothibitisha, idai hela, na utafute gari hapa hapa Moshi. Yapo. Pengine halitang'aa kama hilo, lakini litakuwa limelala kilomita tano toka kwako. Nami sikufichi, ningeanzia huko.

Sasa mchumba wako. Mwanangu, hapa umekosea, na haihusiani na gari. Umemficha. Yeye amegundua kwenye simu, kama mtu anayegundua mengine mabaya zaidi, na zile siku mbili za ukimya si za ba'mdogo. Mweleze kuhusu gauni la shemeji yake. Nina hakika hajui. Wanaume walikuwa nje wanachoma ndafu, yeye doa hilo hajaliona hata kwenye albamu. Mfungulie picha, mwonyeshe mahali maua yalipo. Ndiyo maana nimesema muende wote Arusha: gari likiwa la kwenu wawili, hakuna aliyemdharau mtu. Mama yako naye mwambie kabla hajaambiwa na kamati.

Wa kuzungumza na ba'mdogo ni mchumba wako, si wewe. Bibi harusi hamwendei baba mkwe mdogo kumwambia gari lako silitaki. Na asimpigie simu akiwa Dar, amngoje tarehe 20 hiyo, ampe siku moja ya kupumzika safari.

Aende na maneno gani? Aende na ukweli wa barabara. Umeniambia kanisa ni Kibosho, lakini hukuniambia kwa wakwe zako kukoje, na mimi nakujua Kibosho: lami inaachana na wewe, unaingia kwenye njia ya udongo kati ya migomba, na mvua za vuli zikichelewa kuisha, hilo Benzi lako litakaa hapo tumbo chini mpaka vijana waje na majembe. Usiku baada ya ukumbi lazima mpande nyumbani. Nani atawapandisha? Benzi saa zake zimeshakwisha, na hata zisingekwisha, halifiki.

Zamani bibi zetu Wachagga hawakuletwa kwa mume na gari wala kwa miguu yao. Mkara, yaani msimamizi wa ndoa, alimbeba bibi harusi mgongoni, toka kwa baba yake hadi kwa mumewe. Ba'mdogo wa umri huo anazijua hadithi hizo, kasimuliwa na mama yake. Basi mchumba wako amwambie: "Ba'mdogo, mjini tutatumia gari la kukodi, lakini wa kumwingiza mke wangu nyumbani ni wewe." Atanuna kidogo, wajomba na baba wadogo hununa, ni kazi yao. Kisha atakwenda kuosha V8.

Mchana huo waacheni waitume barafu na ndizi watakavyo. Usiku ukiwa umeshavua gauni na kuvaa kitenge, panda kwa furaha. Ila tanguliza kanga kwenye kiti.

Shangazi